Makande Siku ya Kufunga

Mara ya kwanza Elinaza aliacha dozi ikiwa katika mwezi wake wa tatu. Kikohozi kilikuwa kimekata, mashavu yamejaa, jumuiya ikamtolea shukrani kanisani, naye akavifukia vidonge vilivyobaki chini ya mgomba. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimejificha tu. Mvua za vuli zilipoanza kilirudi, safari hii na damu.

Nesi Sharifa wa Same mjini hakumgombeza sana. Alimweleza kwamba vidonge huua vijidudu, ila vingine hujibanza ndani kabisa ya mapafu, na huko kinga ya mwili lazima isaidie kuvifukua. Kinga hiyo haiuzwi kwenye chupa za mnadani. Inataka maharage, mayai, mboga za majani na usingizi.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne wa dozi mpya, na Elinaza alikuwa mifupa mitupu. Ndipo wifi yake Fortunata, mwenyekiti wa jumuiya pale Bombo, alipotangaza siku tatu za kufunga kwa ajili yake. Mgonjwa mwenyewe atangulie, bila chakula wala dawa, ili Mungu asigawane utukufu na vidonge.

Elinaza aliomba wiki nzima. Hakusikia sauti. Alisikia tumbo lake likinguruma, akaanza kushuku kwamba huenda hilo nalo ni jibu.

Jumamosi, siku ya kwanza ya kufunga, kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi yao ya pamoja, kuzoa tope la ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba. Fortunata, ingawa amefunga, alikuwa anakoroga chungu cha makande, maana kwao anayeshika jembe la msaragambo haendi nyumbani na njaa. Elinaza alipanda mlima akipumzika mara tatu, bakuli mkononi.

"Wifi, bakuli la nini leo?"

"La makande."

"Watu wamefunga kwa ajili yako."

"Nashukuru, wafunge. Mimi nina watu msaragamboni."

Fortunata aligeuka kutazama ndiva. Elinaza akajigonga kifuani.

"Wako humu. Miezi minne wanazoa tope usiku na mchana. Wewe umepika chungu hiki miaka ishirini, wifi. Uliwahi kumwambia mtu achimbe leo, ale siku ya tatu?"

Mzee Rubeni, matope hadi magotini, alicheka, akasema hapo ndiva ingebaki na tope lake.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Fortunata alisema, lakini akapakua.

"Basi jaza, nifike Idi na Krismasi pia."

Alifungua pindo la khanga, akatoa vidonge vyake, akavimeza mbele ya jumuiya yote. Kisha akafumba macho, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa mahindi, kwa maharage, kwa nesi wa Same na kwa mkono wa wifi yake, akamwambia waziwazi kwamba dozi hii ataimaliza. Aliomba mpaka makande yakapoa.

Alipofumbua macho, Fortunata alikuwa amesimama mbele yake. Alichukua bakuli, akarudisha yaliyopoa chunguni, akampakulia ya moto.

"Nitafunga mimi," alisema. "Wewe kula."

Elinaza akala. Alikohoa mara mbili, akafuta mdomo, akaendelea kula.