Daraja Lililobaki Kwenye Ramani

Osundwa alirudi chuoni akiwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa jiografia aliyepewa likizo ya masomo. Alisomea shahada ya uzamili katika taaluma inayopima watu wanaishi wapi, huduma ziko wapi, na kati yao pana mwendo gani. Huko kwao Kabras watu walimwuliza kama hilo kweli ni somo. Yeye alilielewa vizuri. Mkewe, Nasambu, alikuwa nesi Lodwar, mbali kaskazini, mwaka wa tano sasa, na nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka.

Binti yao, Mitchel, alikuwa na miaka saba. Mama akipiga simu, mtoto alisema yuko sawa, kisha akarudi kucheza. Nasambu hakulalamika. Alimwomba tu Osundwa asikate, aiweke simu mezani, awasikie wakila.

Tasnifu ya Osundwa ilitafuta mahali panapofaa zahanati mpya. Msimamizi wake, Daktari Kibiwott, alikuwa amekubaliana na maafisa wa afya kwamba matokeo yatatumika. Baada ya miezi ya hesabu vilibaki vijiji viwili: kimoja Matungu, kingine Kabras, dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni kwa Osundwa.

Nasambu aliposikia aliuliza kama watahitaji manesi. Alikuwa ameomba uhamisho mara tatu bila kupewa, lakini nafasi mpya zikitangazwa angeomba kama mtu mwingine yeyote, tena mwenyeji. Tangu siku hiyo kila simu ilikuwa ya zahanati: itakuwa na wodi ya kujifungulia? Jioni atakuwa anatoka saa ngapi?

Mwezi wa Mei Osundwa alikwenda Matungu kuhakiki njia. Mama Pascalia, muuza ndizi wa sokoni, alimwongoza hadi kwenye kijito kinachokata njia ya kwenda hospitali. Ramani aliyopewa Osundwa ilionyesha daraja hapo. Alikuta nguzo mbili na maji.

"Lilienda na mvua ya mwaka jana," Mama Pascalia akamwambia. "Sisi huzungukanga kule juu, kwa miwa. Mke wa kijana wangu alijifungulia huko huko njiani."

Aliporudi chuoni alikokotoa mara mbili. Daraja likiwepo, Kabras ilishinda kidogo. Likiondolewa, Matungu ilishinda, na kwa mbali. Hakuna aliyemwagiza akague daraja lile. Ramani angeweza kuiacha kama alivyoikuta, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliiacha hivyo siku nne. Jumapili alasiri, akiwa nyumbani, akampigia mkewe, akamweleza yote.

"Kwa nini umeniambia, Baba Mitchel?" Nasambu akauliza. "Ungeacha tu."

"Sikutaka uje nyumbani kwa daraja lisilokuwepo bila kujua."

Akasikia upepo wa Lodwar ukipiga mabati.

"Kuzunguka huko ni muda gani?"

"Saa moja na dakika hamsini. Mimi, na sina mimba."

Nasambu akairudia hesabu hiyo polepole.

"Litoe," akasema. Kisha akaomba apewe mtoto. Mitchel alikuwa kwa jirani. Osundwa alipompata na kumleta, simu ilikuwa imekatika.

Kesho yake asubuhi alilifuta daraja. Kibiwott alisifu kazi, akasema ni nadra mwanafunzi kwenda kutazama mwenyewe. Zahanati ikajengwa Matungu mwaka uliofuata. Nasambu aliomba kazi hata huko, ingawa ni mbali na Kabras. Wakachukuliwa manesi wawili waliozaliwa hapo hapo, na hakuna aliyeweza kusema si haki. Osundwa alipohitimu, mkewe hakupata ruhusa. Alitazama picha.

Desemba Nasambu alikuja kwa siku tisa. Siku za kwanza Mitchel alimwamkia kwa adabu, kama shangazi wa mbali. Siku ya sita akaanza kumfuata kila mahali: kisimani, jikoni, hadi mlango wa choo, akimsubiri nje huku akiimba. Nasambu alikuwa anamsuka nywele barazani Osundwa alipotoka na chai. Aliwatazama akiwa bado ameshika vikombe. Mtoto alikuwa ameegemea magoti ya mamake, macho ameyafumba. Tiketi ya kurudi Lodwar ilikuwa ya Jumamosi.