Baiskeli Isiyo na Mnyororo

Baba yangu, Tata Muamba, ananunua madini kwa wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi, na tumbo lake lilikuwa linatangulia kufika kabla yake. Kwetu, mtaa wa Manika, hilo si tusi. Mwenye tumbo ana heshima. Anayetembea kwa miguu amefilisika.

Ndiyo maana daktari Jémima alipomwagiza atembee kila asubuhi kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, ni kama alimwambia avae sketi ya mama aende nayo sokoni. Vidonge alimeza. Lakini daktari alionya kwamba sukari isiposhuka kabla ya kipimo kijacho, ataanza sindano za insulini. Alisema sindano si adhabu. Baba hakusikia sehemu hiyo. Huyu ni mtu anayeshuka kwenye mashimo bila kofia, ila akiona sindano anatafuta mlango.

Akaanza kutembea, na hakufika hata kwenye kona. Masudi, jirani yetu mwenye minibus, alisimama na abiria wake wote.

"Tata Muamba, panda. Bule. Biashara inaangukaka kwa kila mutu."

Baba angeweza kusema anaumwa. Lakini wachimbaji wakisikia bosi ni mgonjwa, wanapeleka madini kwa mwingine. Akapanda. Kesho yake akabebwa na dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, keshokutwa na mwingine. Kanisani wakaiombea biashara yake. Jirani akatuletea unga wa bukari, ugali wetu, beseni zima, na pole.

Mama yangu, Mama Agnès, ndiye aliyegeuza viatu vyake vya kutembelea. Soli zilikuwa mpya kama za maiti.

Basi mimi nikatoa baiskeli yetu ya zamani, nikang'oa mnyororo asiweze kuipanda, nikafunga nyuma gunia la makala, yaani mkaa, ila ndani nikajaza maganda ya mahindi. Pikipiki haibebi baiskeli, na anayesukuma makala hakuna anayesimama kumbeba. Baba aliniangalia kama mtu aliyezaa mwizi. Alisema bora afe na heshima yake.

"Chagua," Mama akamwambia. "Makala ao sindano."

Akasukuma. Alisukuma hadi barabara ya Mutoshi na kurudi, vumbi hadi kwenye nyusi, na Manika nzima ikasikitika kwamba tajiri wetu sasa anauza makala. Mimi nilimwita patron, bosi wa makala, nikiwa mbali kidogo na mkono wake. Lakini suruali zikaanza kumlegea, na usingizi wake ukawa wa mtoto.

Siku ya kipimo aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa hospitali. Daktari alisoma karatasi, akasoma tena. Baba alikuwa ameshaupima mlango kwa macho.

"Imeshuka, Tata. Sindano hatuanzi. Uliendelea na vidonge, na misuli inapofanya kazi inakula sukari. Insulini, homoni ya mwili wako mwenyewe, ilikuwa inabisha hodi kwenye misuli bila kufunguliwa. Sasa inafunguliwa. Hata uvimbe wa ndani unaokuja na ugonjwa huu, usioonekana kwa macho, kutembea kunautuliza. Usiache."

Baba akacheka hadi machozi yakamtoka, na Mama akamfuta kwa kitenge chake.

Nje, mwanamke mmoja alikuwa anaminyaminya gunia letu. Akauliza bei.

"Ilishauzwa, mama," Baba akasema, akaishika baiskeli yake, akaanza kusukuma.