Fomu ya Kurejea

Mimi ni fundi vioo, na nianze kwa kusema kwamba sijapotea. Nalisema mapema kwa sababu kaka yangu ameshawaambia watu nusu ya mtaa kwamba nimepotea, tena anawaambia kwa huruma kabisa, kichwa ameinamisha. Kaka ni katibu wa jumuiya ya waumini tuliyolelewa ndani yake. Ameushika ukatibu huo miaka mingi mpaka mkewe mwenyewe anamwita Katibu. Mimi pia namwita hivyo, ila mimi namchokoza.

Niliacha kwenda ibadani miaka sita iliyopita. Sikugombana na mtu, wala hakuna aliyenikosea. Niligundua tu kwamba kule nilikuwa nahesabu mbao za dari, na kwamba maneno niliyokuwa nayo kwa Mungu yalinijia karakanani, asubuhi, kabla sijafungua mlango. Basi nikayafuata huko huko. Kila siku nakaa nusu saa kwenye meza ya kukatia, viganja juu ya ubao. Kwanza nanyamaza, halafu nasema niliyo nayo. Wateja wa mapema wamezoea. Wakikuta mlango umefungwa na taa inawaka, wanaambiana, "Fundi yuko kikaoni," na wanasubiri.

Kwa hiyo upande wa Mungu sikuwa na shida. Shida ilikuwa Mama.

Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alikuja kwangu, maana vyumba vya kulala vya Katibu viko ghorofani, na nyumba yangu, iliyo nyuma ya karakana, haina hata ngazi moja. Tulikubaliana akae miezi miwili, Katibu amjengee chumba cha chini. Miwili ikawa mitano, na mimi nikanogewa. Nilizoea kusikia fimbo yake ikigonga sakafu, nikazoea kukosolewa chumvi na kuulizwa na mtu aliyenipakulia mwenyewe kama nimekula. Nilitaka abaki. Sikumbuki ni lini nilitaka kitu kiasi kile.

Kisha asubuhi moja, kabla sijakaa mezani, Katibu akapiga simu. Chumba kimekwisha, kimepakwa na rangi, na jioni anakuja kumchukua.

"Mama amezoea hapa," nikasema.

"Najua. Na kama anataka kubaki, mimi sina neno. Ila siwezi kumwacha mama yetu azeekee kwenye nyumba isiyo na maombi. Watu wananiuliza, mdogo wangu. Nitakuja na fomu ya kurejea. Weka sahihi, Mama abaki, yaishe. Hata usipokuja kila wiki, nitajua la kuandika."

Nilikata simu nikiwa nimefura. Sikukaa. Nilivuta kioo cha dirisha la zahanati, nikapima, nikapitisha kisu. Sasa, kioo hupitishwa kisu mara moja tu. Unachora mstari kwa mkono mmoja usiosita, unabana kingo mbili, kinaachana chenyewe. Ukirudia mstari uleule, kinapasuka kinakotaka chenyewe. Hilo analijua mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi, fundi wa miaka ishirini na miwili, niliuona mstari umefifia kidogo, nikarudia. Kioo kizima kikaenda vipande vitatu.

Mama, ambaye kwa kawaida saa hizo huwa bado amelala, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa ndani, ameona kila kitu. Nilizoa vipande, nikafagia, halafu nikakaa. Nikaweka viganja juu ya ubao na kumwambia Mungu, kwa sauti ya chini, kwamba nina hasira na kaka yangu na ninaogopa kubaki peke yangu. Nilikaa mpaka mikono ikatulia. Kisha nikainuka, nikavuta kioo kingine, nikakikata mara moja.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mama akauliza.

"Na Mungu."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu."

Akalitafakari hilo. "Na anakujibu?"

"Mara chache. Kama wewe ukinuna."

Mama alicheka hadi akashika nyonga. Baadaye kidogo nikamwona ananitazama tena, safari hii hacheki.

Katibu alifika saa kumi na moja, shati limenyooshwa, fomu iko ndani ya bahasha. Alimsalimia Mama kwa kumshika mikono yote miwili, akamuuliza juu ya dawa moja moja kwa majina yake. Siwezi kumsingizia: kaka yangu anampenda mama yetu. Alikaa, akatoa fomu, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake.

Nikaisoma. Ilikuwa fupi. *Mimi ninayetia sahihi hapa nakiri kwamba nilikuwa mbali na Mungu, na kwamba leo narejea.*

Jamani, ilikuwa rahisi mno. Ningeandika jina langu, Mama angelala chumba kile kile cha kwangu usiku ule, na Katibu angetembea mtaani kichwa juu. Nilishika kalamu. Nikamtazama Mama, aliyenifundisha kumtafuta Mungu kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni, nikaona siwezi kukaa mbele yake nikaandika kwamba sikuwahi kumpata.

"Hii si kweli," nikasema. "Sikuwa mbali. Siwezi kuitia sahihi."

"Hata kwa ajili ya Mama?"

"Hata kwa ajili ya Mama."

Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga nguo zake.

Katibu akashusha pumzi, akaanza kurudisha fomu kwenye bahasha. Mama akagonga fimbo sakafuni.

"Mwanangu," akaniambia, "kwenye kikao chako cha asubuhi, mimi unaniombea?"

"Kila siku."

"Unasema nini?"

Hayo sikuwahi kumwambia mtu. "Nasema: huyu ndiye aliyenionyesha njia ya kwako. Asije akadhani alikosea."

Mama alichomoa ncha ya kanga akajifuta macho bila haraka, akamgeukia kaka. "Na wewe, Katibu? Unaniombea nini?"

"Mama, uko kwenye orodha ya wagonjwa tangu ulipoanguka. Jumuiya nzima inakutaja."

"Najua iko orodha. Nakuuliza wewe."

Mtu ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya watu mia tatu alikaa akitazama bahasha magotini.

"Sikulaumu, baba," Mama akasema kwa upole. "Siku za ibada utanipitia hapa, twende wote, kama zamani. Chumba chako ni kizuri, nitakuja kulala nikiwa mgeni. Ila kukaa, nakaa hapa."

Niliangalia pembeni ili wasinione uso. Katibu alikunywa chai yake hadi mwisho, akaaga, nami nikamsindikiza hadi barabarani.

Hapo akasimama, akaitia bahasha mfukoni. Hakunitazama.

"Kwenye hayo mambo yako ya asubuhi," akasema, "mimi unanitaja?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Miaka sita nilikuwa nimewataja wateja, majirani, hata daktari wa nyonga. Yeye nilimruka kila siku, kwa makusudi, nikijiona niko sawa.

"Hapana, kaka," nikasema. "Sijawahi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Basi kesho nitaje," akasema. "Nami nitajaribu kukutaja. Mwenyewe, bila orodha."