Bolti ya Nahodha

Mstari mwekundu ulikuwa umekatika. Nusu yake ilikuwa juu ya kichwa cha bolti, nusu nyingine kwenye bati la injini, na ncha mbili hazikukutana tena. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena nyuma ya boti. Ncha zilikuwa vilevile.

Bolti hiyo aliitia kwa mkono wake siku alipomkabidhi binti yake ufunguo wa boti. Ilizuia mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, usivuke nusu, mwendeshaji avute avutavyo, na ule mstari wa rangi ndio uliokuwa mlinzi: mtu akiifungua, mstari ungesema. Binti hakulalamika. Kila Jumamosi alimvusha bibi yake ng'ambo ya ziwa, bibi amtembelee dada yake, wote wawili wamevaa majaketi ya kuokolea, boti ikijikokota hata bata wakiipita. Fundi alikuwa akisimama gatini akiwatazama, kifua mbele. Alimwita binti Nahodha, wala hakuwa akitania.

"Nahodha, umeifungua bolti?"

"Sijaendesha kwa kasi, Baba."

"Sikukuuliza hilo."

Binti alitazama viatu vyake. Kutoka dirisha la nyumba bibi alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu asiyeumwa kifua. Fundi hakukisikia; alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na ufunguo ukarudi kiganjani mwake.

Wiki hiyo nyumba ilipoa. Binti alimsalimu baba yake asubuhi, akamuaga usiku, basi. Kilichomuuma fundi hakikuwa bolti. Injini ikikusumbua, unaifungua ukaona kilichoharibika. Lakini mtoto uliyemwamini utamfungulia wapi? Hasira zake akazimalizia karakanani, akiitafuta spana namba kumi iliyopotea tangu kitambo, akimshuku kila jirani aliyewahi kuazima hata nyundo.

Jumamosi ilipofika, ikabidi amvushe mama yake yeye mwenyewe. Katikati ya ziwa, pasipo mtu wala mtumbwi, mama aligonga ubao wa boti.

"Zima kidogo, mwanangu."

"Kuna nini, Mama? Unaumwa?"

"Naumwa na huu mwendo."

Akafungua mkoba. Akatoa leso, pakiti ya biskuti, miwani, na chini kabisa, spana namba kumi.

Fundi aliitambua. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Tukifika hapa, usukani nashika mimi. Mtoto anakaa mbele, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili, ananiomba nipunguze. Tukikaribia nyumbani anaikaza bolti mwenyewe, huku akinisomea makosa yangu kama hakimu."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimwapisha asiseme. Alisema, 'Bibi, Baba atajua.' Nikamwambia, baba yako hajui hata spana yake iko wapi." Mama akashusha sauti. "Wiki nzima nimeshindwa kusema, na hiyo ni aibu yangu. Nikaona nikwambie hapa. Hapa huwezi kususa ukaondoka."

Fundi alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa, akakunja uso, lakini kicheko kikamtoka puani. Akaipokea spana, akailegeza bolti, akahamia mbele. Mama akavuta mkono wa mafuta hadi mwisho. Boti ikainua pua, leso ikapeperuka, na mama akacheka kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu walipomzika baba yake, aliyeinunua boti hiyo. Fundi aling'ang'ania ubao kwa mikono miwili. Alitaka kumwomba apunguze, akashindwa kumkatiza.

Waliporudi, binti alikuwa ameketi gatini, kidevu juu ya magoti.

"Nisamehe, Nahodha," fundi alisema. "Ulisema kweli, nami sikukusikiliza."

Binti alimtazama bibi, akaitazama spana. "Amekuendesha?"

"Nusura anitoe roho."

Hapo binti akaangua kicheko. Baba akampa ufunguo, spana na kikopo cha rangi. Binti aliikaza bolti, ulimi umebanwa kati ya meno, kisha akachora mstari mpya, ulionyooka kuliko ule wa zamani. Fundi alinyoosha kidole aijaribu bolti, kama alivyojaribu kila kitu maishani mwake. Akasita, akautia mkono mfukoni.

"Spana niirudishe karakanani, Baba?"

 Bibi alifungua tu mkoba wake, akausogeza karibu na mjukuu, akasubiri. Fundi aliwapa mgongo, akaanza kukunja kamba ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.