Kisima cha Mwalimu wa Jiografia

Mimi ndiye mwalimu wa jiografia hapa Rudewa, kwa hiyo najua habari za maji yote duniani isipokuwa yangu. Wiki nzima niliwachosha Kidato cha Tatu na maji matamu yaliyofichika chini ya sakafu ya bahari: mvua za kale zilizozama ardhini wakati bahari imerudi nyuma, kisha bahari ikarejea ikazifunika. "Juu chumvi, chini maji matamu!" nilifoka mpaka chaki ikakatika.

Kwa ujuzi huohuo nikachimbisha kisima kando ya shamba langu la mahindi. Maji yalipotoka, nikamwita jirani yangu Mama Luhaga, mfugaji, aje ashuhudie. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa na kikombe. Akaonja, akatema.

"Chumvi, mwalimu."

Nikamweleza kwamba haiwezekani kabisa, maana bahari iko mbali, huko Dar es Salaam.

"Ng'ombe wangu wanalamba udongo wa hapa mwaka wa tatu sasa," akasema. "Hukuwaona?"

Niliwaona sana. Niliwatimua kwa fimbo, tena nikamshtaki mama wa watu kwa mtendaji wa kijiji, nikiapa kwamba ng'ombe wake wanatamani mahindi yangu.

Sasa kila asubuhi nabeba ndoo kwenda kuchota kisimani kwake, na njiani nakutana na ng'ombe wake wakija kunywa kwangu. Mimi ndiye ninayewapisha.