Mguu wa Kushoto wa Mzee Muthama

Mwongeli alikuwa jikoni kwake Kabiria, akimenya viazi vya watu wa matanga, mguu wa kushoto wa marehemu mumewe ulipobisha langoni. Ilikuwa jioni ya Agosti, mwaka wa 2003. Jirani yake Mwihaki ndiye aliyekwenda kufungua.

"Mama Musembi, kuna mgeni."

"Nani?"

"Ni mguu."

"Si uukaribishe. Huo umetoka mbali."

Mguu uliingia, ukapangusa buti kwenye gunia la mlangoni, ukasimama karibu na jiko. Ulikuwa mguu wa kijana, umejaa nyama, umekatwa juu kidogo ya goti, na buti lake lilikuwa limekwisha soli. Mwongeli alitia maji ya moto kwenye karai akauosha. Aliona haya kidogo. Alipoolewa na Muthama, mguu huo ulikuwa umeshapotea. Hakuwahi kuutia machoni.

Muthama aliuacha Burma, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la wakoloni, akimpigania Mfalme wa Uingereza. Ofisa Mzungu alisimama kando ya kitanda chake hospitalini akamwambia kwamba serikali haisahau watu wake, na mguu utamfuata nyumbani. Muthama alilipokea neno hilo kama mtu mzima anavyolipokea neno la mtu mzima mwenzake. Alirudi Nairobi na mkongojo, akafungua duka la viatu River Road. Kila mwaka alijichagulia jozi moja. Cha kulia alivaa, cha kushoto alikipaka rangi na kukiweka rafuni chumbani.

"Mguu uje ukae bila kiatu?" alimjibu mkewe kila alipomcheka.

Uzeeni aliuza duka, akapanda mizabibu nyuma ya nyumba. Majirani walisema pombe ya muratina wanaijua, lakini mvinyo ni kitu cha madhabahuni. Yeye hakujali. Alikanyaga zabibu mwenyewe ndani ya hodhi la saruji, akiruka kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta, na matajiri wa Lavington walimnunulia. Mvinyo wake ulikuwa mzuri, ila kila aliyeunywa aliinamia upande wa kulia hadi kesho yake. Walinzi wa mageti walijua nyumba zilizofanya karamu kwa kutazama wageni wanavyotoka.

"Mvinyo huu una upande mmoja," Muthama alikuwa akisema. "Mwenzake akija utanyooka."

Na neno la mwisho alilomwachia Mwongeli lilikuwa hili: "Usinizike nusu."

Asubuhi mguu ulikutwa ndani ya hodhi, ukikanyaga zabibu za mwisho alizozichuma marehemu. Ulikanyaga polepole, bila kushika ukuta. Musembi, mwana wao, alifika kutoka ofisini kwake Hurlingham akasimama akiutazama, funguo za gari mkononi.

"Mum, huyo ni nani?"

"Ni babako. Sehemu."

"Na mazishi ni Jumamosi! Jeneza tumeshanunua."

"Jeneza si lina nafasi? Kwani wewe ulifikiri ile nafasi ni ya nini?"

Mwongeli aliuvika kiatu cha kushoto kutoka rafuni. Kilikaa sawasawa. Wakaenda mochari, lakini mhudumu akakataa: mwili uliingia na mguu mmoja, utatoka na mguu mmoja. Kibali cha kuuongeza mguu hutolewa na ofisi ya askari wa zamani, mjini.

Walipofika Kenyatta Avenue, mguu ulisimama mbele ya sanamu za shaba za askari wa vita vile, ukageuza ncha ya kiatu kuelekea miguu yao.

"Twende," Mwongeli alisema. "Hao hawazikwi."

Karani wa ofisi ile aliitwa Wachira, kijana mwenye adabu. Alimpa mama kiti, akausoma mguu juu hadi chini.

"Pole sana, mama. Mzee aliachishwa jeshi kwa sababu hakuwa na mguu. Hilo liko wazi. Lakini mguu wenyewe haujaachishwa."

"Nani wa kuuachisha?"

"Mfalme."

"Mfalme alikufa nikiwa msichana."

"Hapo ndipo penye shida, mama."

"Si niuchukue tu, nikazike mume wangu?"

"Askari akirudi kutoka vitani lazima aripoti. Na huu umesharipoti." Wachira alisafisha koo. Hakuinua sauti. "Askari, shika lindo."

Mguu ulipiga kisigino chini, ukaenda kusimama kando ya mlango.

"Muthama," Mwongeli aliita. "Baba Musembi, tuondoke."

Paja lilitetemeka. Kiatu hakikusogea.

Jumamosi walimzika Muthama kati ya mizabibu yake. Jeneza lililalia kulia mabegani mwa wabebaji, ikabidi wabadilishane. Mchungaji alisema mzee amevipiga vita vizuri na mwendo ameumaliza, na Musembi akashukuru serikali kwa salamu zake. Mwongeli alikuwa ameingiza kiatu kimoja cha kushoto jenezani, kitupu.

Mvinyo wa mwisho ulikomaa mwaka uliofuata. Mwongeli alibeba chupa hadi mjini. Wachira, aliyekuwa na kibiongo cha kuinamia meza, alikunywa glasi moja, na mgongo wake ukanyooka kama mlingoti.

"Mzee alikuwa fundi," alisema. "Huu hauna kasoro."

"Huu ni wa wote wawili. Mfalme amejibu nini?"

"Bado, mama."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunamngoja yeye."

Mwongeli alipiga magoti pale mlangoni, akafungua kamba za kiatu kilichochakaa kwa kusimama, akauvika mguu kiatu kipya kutoka rafuni. Ngozi ya ule mguu ilikuwa bado ya kijana. Mikono yake iliyoushika ilikuwa imekunjamana, na kufunga kamba kulimchukua muda. Waliokuja kuuliza mambo yao waliwapita, wakiomba njia kwa upole.

Alipofika Kabiria alienda moja kwa moja shambani. Kaburi lilikuwa limebonyea tena upande wa kushoto. Alichukua jembe, akapajaza udongo.