Kikombe cha Rovan

Aristides hakuweza kuzua sura. Roketi, buti, sayari zenye pete, hivyo alivichora huku akipiga soga. Lakini uso wa mtu ilikuwa lazima auibe mahali. Ndiyo maana katika matoleo manne ya kwanza ya *Safina ya Angani*, kitabu cha katuni alichomchorea Anwar, mwenye mashine ya kuchapa karibu na stendi ya Moshi, nahodha alikuwa katekista wa Kibosho na masharubu yake yote, na malkia wa majoka alikuwa shangazi yake Aristides mwenyewe. Shangazi alicheka mpaka akatokwa na machozi, akaomba nakala mbili.

Hadithi haikuwa yake. Ilitoka kwenye tamthilia ya kigeni ambayo televisheni, zilipoanza kuingia mjini, zilikuwa zikiionyesha kila Jumamosi. Waliokosa nafasi sebuleni kwa jirani walisubiri katuni ili wajue kilichotokea. Toleo la tano lilimhusu Rovan, fundi mitambo, aliyerudi kutoka sayari ya mbali akiwa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Wenzake wanamfungia kwenye chumba cha nyuma cha chombo, na mwisho wa toleo wanamwacha huko huko.

Sasa uso wa mtu anayekwisha angeupata wapi? Wiki moja kabla, Aristides alikuwa amepanda Kibosho kumjulia hali Basili, mtoto wa baba yake mkubwa, aliyerudi kutoka Dar akiwa amebaki macho na mifupa. Nyumbani walisema ni kifua, na wote wakakubaliana kuwa ni kifua. Baadaye Aristides alijitetea kwamba penseli ilikwenda yenyewe. Uongo mtupu. Alichora mashavu yale, akachora na sikio la kushoto lililokatika ncha, sikio alilolikata yeye mwenyewe kwa panga utotoni walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Siku ile Basili aliwaambia wazazi kwamba ameanguka kwenye mfereji. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote vinginevyo.

Kisha akaongeza lake. Kwenye televisheni chakula cha Rovan kilitokea ukutani kwa mtambo, na mtambo ule ulimshinda kuuchora. Akachora mkono unaopitisha kikombe tunduni, kikombe chenye alama nyekundu ili mwingine asije akakinywea. Anwar alikipenda kikombe hicho kuliko kitu chochote, akakiweka kwenye jalada.

Toleo lilikuwa na wiki tatu mtaani Evelyn, mke wa Basili, alipoingia kwenye chumba cha kuchorea. Hakuketi. Alifungua kanga, akakiweka kitabu mezani.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Ni Rovan. Wa kwenye televisheni."

"Na sikio hili ni la nani?"

Aristides alikigeuza kitabu kifudifudi.

"Jumapili tulikuwa kwa mzee Ndelilio, kipaimara cha mjukuu wake," Evelyn alisema. "Kata ya pombe ya mbege ilizunguka kama kawaida. Ilipofika kwa Basili ikamruka. Halafu wakamletea kikombe cha plastiki, cha peke yake, na tulipoondoka wakatuambia twende nacho. Kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, shemeji. Kama chako."

"Kwani walikuwa hawajui?"

"Walikuwa wanahisi. Anayehisi anaogopa kuwa wa kwanza. Wewe umewaonyesha pa kuanzia."

Akaondoka na kitabu chake. Kwa aibu, Aristides alishindwa kuchora hata buti.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alipanda Kibosho akiwa na jani la sale, lile la kuombea msamaha, alilolichuma kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la baba yake. Desturi ilimtaka aende na mzee wa kumsemea. Angemwambia nini huyo mzee? Akaenda peke yake.

Basili alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba, amevaa koti zito. Kando yake palikuwa na chungu kidogo cha mbege na kata juu yake.

"Umenichora vizuri," alisema kabla hajasalimiwa. "Sikio hasa."

Aristides alipiga magoti kwenye vumbi, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimpotea. "Kaka, nimekukosea," ndiyo yaliyobaki.

Basili alilipokea jani.

"Nani anakataa sale? Yameisha, mdogo wangu. Inuka."

Aristides alilia, tena kwa sauti, wala hakujali Evelyn aliyekuwa akimtazama kutoka jikoni. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Basili alichota mbege, akanywa mafunda mawili, akamnyooshea kata.

"Tunywe basi. Kama zamani."

Aristides alijua kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kata. Alijua kuliko wengi. Mwaka uliopita alichora bango la zahanati lililosema hivyo kwa herufi kubwa. Lakini mkono ulikataa kunyanyuka. Haukukawia, pengine muda wa kumeza mate tu. Kisha akaidaka kata, akainywa yote mpaka machicha ya ulezi, akajifuta mdomo, akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basili hakucheka. Wala hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliipokea kata, akaifuta polepole kwa kiganja, akaigeuza kifudifudi juu ya chungu. Jani la sale alikuwa bado amelishika.

"Evelyn," aliita, "niletee kikombe changu. Kile chenye uzi."